Shajara ya mradi: programu ya vigawo, na namba iliyokataa kufunguka

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na alama ya kosa. Binti yangu yuko Darasa la Tano. Jana karudi na karatasi ya jaribio, swali la nne: "Andika vigawo vyote vya 24." Yeye kaandika 24, 48, 72, 96, 120, kisha nukta nyingi mpaka ukingoni mwa karatasi. Hesabu zake zote ni sahihi, na jibu lote ni kosa. Alitaja vigawe, yaani namba ambazo 24 huzigawa bila baki.

Sikumgombeza. Waliotupatia maneno haya walitenganisha mambo mawili makubwa kwa herufi moja, na anayeteleza hapo si mtoto peke yake. Nimempa njia ya kukumbuka: atazame mwisho wa neno. Ufagio hufagia, kifuniko hufunika, kigawo hugawa. Mtume katumwa, mteule kateuliwa, kigawe kimegawanywa. Akarudia mara mbili, kisha akauliza, "Baba, sasa 24 yenyewe ni kigawo au kigawe cha 24?" Vyote viwili, nikasema. Akanitazama kama mteja aliyenyimwa chenji.

Nina duka la steshenari, simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, na programu ya bure ya kuandikia Python, lugha ya kompyuta. Usiku baada ya kufunga duka nimeandika toleo la kwanza, mistari sita. Linapokea namba, linaigawa kwa 1, 2, 3 na kuendelea hadi kwa yenyewe, na kila isiyoacha baki inaingia kwenye orodha. Nimelipa 24, likatoa 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12, 24. Vigawe havina mwisho, kwa hiyo upande huo linauliza kwanza "vingapi?" ndipo lizidishe. Namba ikiwa na vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, linaandika "TASA".

Siku ya 2

Nimemkabidhi simu ajaribu kuiharibu. Hajakawia. Ameandika 0, orodha ikatoka tupu, wakati kila namba (isipokuwa 0) huigawa 0 bila baki. Nimeweka ujumbe: "Sifuri hugawika kwa zote, usinichoshe."

Kisha ameuliza kwa nini tasa zinaitwa tasa. Nikajibu kwa uangalifu, maana neno hilo kwa mwanadamu ni zito: ni namba ambayo haipatikani kwa kuzidisha namba mbili ndogo kuliko yenyewe. Baadaye nikaona jina limekaa kichwa chini. Ukivunja namba yoyote kubwa kuliko 1 mpaka isivunjike tena, unakuta imejengwa kwa tasa tupu. Tasa ndizo zilizozaa wengine wote.

Je, 1? Ina kigawo kimoja tu, haikufikisha viwili, basi si tasa. Hapo hakubisha. Alichobishia ni 2, eti namba shufwa itawezaje kuwa tasa wakati wenzake wote wamo kwenye vigawe vya 2. Ndiyo hivyo, iko peke yake. Tasa nyingine zote ni witiri, neno analolijua tayari kwa sababu ya swala ya bibi yake.

Siku ya 3

Nimeongeza kasi. Vigawo huenda kwa jozi: kwa 24 ni 1 na 24, 2 na 12, 3 na 8, 4 na 6. Mdogo wa jozi hauwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba, kwa hiyo ukishafika hapo umemaliza, wenzake unawapata kwa kugawa. Kwa 10,000 unajaribu mara 100 tu.

Ila binti akaweka 36, programu ikasema ina vigawo 10. Akahesabu kwa vidole akapata 9. Jozi ya 6 ni 6 mwenyewe, na mimi nilimwandika mara mbili. Nimerekebisha. Kumbe namba mraba ndizo pekee zenye idadi ya vigawo iliyo witiri, na kosa langu ndilo lililotuonyesha.

Tumejaribu pia 360. Ni 2×2×2×3×3×5. Katika kila kigawo chake, 2 inaweza kuingia mara 0, 1, 2 au 3, ndiyo njia nne. 3 ina njia tatu. 5 ina njia mbili. Nne mara tatu mara mbili ni 24, na programu nayo ikaandika vigawo 24. Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Siku ya 5

Dukani kalamu huja pakiti ya 50, penseli boksi la 12. Shule moja ya jirani inataka seti za kalamu moja na penseli moja, na mimi sitaki pakiti iliyofunguliwa ibaki kwenye shelfu. Kwa hiyo ninatafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, cha 50 na 12. Jibu ni 300: pakiti 6 za kalamu, maboksi 25 ya penseli.

Programu inakipata kupitia ndugu yake, Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS. Unazidisha 50 kwa 12, unapata 600, unagawa kwa KKS ambayo ni 2. Shuleni wanafundishwa kutafuta KKS kwa kuvunja namba zote mbili kwanza kuwa vigawo tasa. Njia ya Euclid, Mgiriki wa miaka 300 hivi kabla ya Kristo, haivunji chochote. Chukua 252 na 198. Gawa, chukua baki: 54. Gawa 198 kwa 54, baki 36. Gawa 54 kwa 36, baki 18. Gawa 36 kwa 18, hakuna baki. KKS ni 18.

Naandika hapa kwa ajili yangu mwenyewe: tumepata kigawo cha namba mbili bila kujua vigawo vya hata moja kati yake.

Siku ya 8

Siku mbili zilikuwa za kudurufu mitihani, sikugusa mradi. Leo, Jumapili, tumeacha simu tukakaa mkekani na karatasi zilizoharibika kwenye mashine, upande wa nyuma mweupe. Tumeandika 1 hadi 100 na kutumia chekeche la Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene, katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Alexandria huko Misri. Kata 1. Zungushia 2, kata vigawe vyake vyote. Zungushia 3, kata vigawe vyake. Kisha 5, kisha 7. Inayofuata ni 11, na 11×11 ni 121, imeshavuka karatasi, kwa hiyo zote zilizosalia zimepita kwenye tundu. Ni 25.

Yeye alipata 26, alisahau kukata 91. Hiyo 91 ina sura ya tasa kabisa: si shufwa, haiishii na 5, na tarakimu zake zinajumlika kuwa 10, kwa hiyo 3 nayo haimo. Lakini ni 7×13. Nimemwonyesha pia kwamba ukijumlisha tarakimu za namba na kugawa jumla kwa 9, baki ni lile lile ambalo namba nzima ingeacha. Kalipenda sana hili, amekagua namba za magari barabarani hadi giza.

Usiku nimeandika chekeche kwenye simu. Hadi 1,000 kuna tasa 168. Hadi 1,000,000 zipo 78,498. Orodha hiyo nimeihifadhi, nitaitumia kama hakimu wa kila njia nitakayojaribu baadaye.

Siku ya 9

Kosa la ajabu leo. Niliongeza kipengele cha kutambua namba mraba: chukua kipeuo cha pili, kama hakina sehemu ya desimali, basi ni mraba. Kukijaribu, nikakipa namba za mtindo wa "mraba kutoa 1", ambazo haziwezi kuwa mraba ukianzia 3 na kuendelea. Mzunguko ukakimbia hadi ukanaswa kwenye 4,503,599,761,588,224. Programu ikaapa kwamba hiyo ni 67,108,865 mara yenyewe.

Hukuhitaji kompyuta kuona uongo huo. Namba inayoishia na 5 ikizidishwa kwa yenyewe huishia na 25, na hii inaishia na 24. Tatizo ni kwamba simu huhifadhi desimali kwa nafasi yenye kikomo. Kipeuo cha kweli kilipungua kidogo mno chini ya 67,108,865, nafasi ikajaa, simu ikakikweza kuwa namba nzima. Python ina kipeuo kingine kinachofanya kazi kwa namba nzima tupu, nimehamia huko. Mtu akitaka kuandika programu ya vigawo, desimali aziache mlangoni.

Siku ya 10

Nimejaribu 2,147,483,647. Toleo la siku ya kwanza liliihangaikia karibu dakika tisa. Toleo la kipeuo lilimaliza kabla sijaondoa kidole: majaribio 46,340 tu. Ni tasa, na mwanahisabati Euler aliithibitisha mwaka 1772 kwa kalamu. Sijui wino ule ulikuwa bei gani wakati wake.

Siku ya 13

Nimeanza swali jipya. Hadi leo nilijua namba si tasa pale tu nilipomkamata kigawo wake mmoja. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, katika barua ya mwaka 1640, alieleza jambo linalokwenda upande mwingine. Ukiwa na namba tasa n isiyo 2, chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha n kutoa 1, gawa kwa n: baki lazima liwe 1. Kwa 7: 2⁶ ni 64, yaani 63 na 1. Sawa. Kwa 15: 2¹⁴ ni 16,384, ukigawa kwa 15 baki ni 4. Basi 15 si tasa, na hatukutaja 3 wala 5.

Huyu 2 namwita shahidi. Ukimwita, akasema baki si 1, kesi imekwisha.

Toleo la kwanza la kipimo hiki liliua programu. Nililiambia likokotoe kipeo chote kwanza, kisha ligawe. Kwa 2,147,483,647 hiyo ni namba inayotaka karibu megabaiti 270 za kumbukumbu, simu yangu ikafunga kila kitu hadi saa ya ukutani mwa skrini. Dawa ni kuchukua baki kila baada ya kuzidisha na kupanda kwa kujizidisha yenyewe: kipeo cha 2, cha 4, cha 8, cha 16. Hatua 31 hivi badala ya bilioni mbili.

Siku ya 14

Nimempeleka shahidi 2 mbele ya hakimu, yaani orodha ya chekeche hadi milioni moja. Chekeche lina 78,498. Shahidi amepitisha 78,743 (2 yenyewe nimeiingiza kwa mlango wa nyuma). Zimezidi 245, zote ni namba zilizovaa kanzu ya tasa. Ya kwanza ni 341, ambayo ni 11×31.

Hii unaweza kuikagua kwa mkono. 2¹⁰ ni 1,024, na 341×3 ni 1,023, kwa hiyo 2¹⁰ inaacha baki 1. Kipeo cha 340 ni hiyo hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara 34, bado 1. Ukimwita shahidi 3 unapata baki 56, mwongo kakamatwa. Nikadhani dawa ni kuongeza mashahidi, nikakutana na 561. Ni 3×11×17, na kila shahidi unayemwita, ilimradi hana kigawo cha pamoja nayo, anasema baki ni 1. Namba hizi zinaitwa za Carmichael, na chini ya milioni moja ziko 43.

Binti kauliza, "Sasa zinajuaje kudanganya?" Hazijui chochote, mwanangu. Kwa 561, 560 inagawika kwa 2, kwa 10 na kwa 16, yaani kila kigawo chake tasa kikitolewa 1. Kila kigawo kikiulizwa peke yake kinasema ukweli, na ukweli wa vitatu pamoja unafanana na ule wa tasa.

Siku ya 16

Gary Miller mwaka 1976 na Michael Rabin mwaka 1980 ndio walionitoa hapa. Shahidi asiulizwe neno la mwisho tu, aulizwe na alipopitia.

Kwa 341: 340 ni 85×4. Panda kwanza hadi kipeo cha 85, baki ni 32. Zidisha 32 kwa 32, unapata 1,024, baki 1. Simama hapo. Kwa namba tasa, namba inayojizidisha ikaacha baki 1 ni ama 1 ama n kutoa 1. Hizo mbili, hakuna ya tatu. Sasa 32 si 1 wala si 340. Kwa hiyo 341 si tasa, na shahidi ni yule yule 2 aliyetudanganya juzi.

Lililonifanya nisimame ni hili. 32×32 kutoa 1 inagawika kwa 341, nayo ni 31×33. Tafuta KKS ya 31 na 341: ni 31. Tafuta KKS ya 33 na 341: ni 11. Uongo wenyewe umetoa vigawo. Kwa 561 ni vile vile, njiani unakutana na 67, ambayo 67×67 ni 4,489, baki 1. KKS ya 66 na 561 ni 33, ya 68 ni 17. Nimemfungulia mteja mlango huku nikicheka peke yangu, akaniuliza kama nimeshinda mkeka.

Mbele ya hakimu: kwa shahidi 2 peke yake, waongo chini ya milioni moja wamepungua kutoka 245 hadi 46. Nikimwongeza shahidi 3, hakuna hata mmoja. Nimeweka mashahidi kumi na wawili, tasa zote kuanzia 2 hadi 37. Imethibitishwa kwamba hao wanatosha kwa namba yoyote isiyozidi tarakimu 23, bila kubahatisha.

Siku ya 20

Fermat aliamini kuwa 2 ikipandishwa kwa 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kurudufu, kisha ukaongeza 1, daima inatoka tasa. Tano za mwanzo ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257, 65,537. Inayofuata ni 4,294,967,297. Shahidi 2 kasema ni tasa. Kwa ukoo huu shahidi 2 hafai kabisa, ni mtoto wa nyumbani, namba zimejengwa naye. Shahidi 3 kakataa papo hapo. Kutafuta kigawo ikachukua kufumba na kufumbua: 641, kile kile alichokipata Euler mwaka 1732. Kingine ni 6,700,417.

Tukasonga mbele hadi 2¹²⁸ na 1, tarakimu 39:

340,282,366,920,938,463,463,374,607,431,768,211,457

Shahidi 3: SI TASA. Chini ya sekunde moja. Kisha programu ikaingia kwenye kutafuta vigawo, na duara dogo likaanza kuzunguka kwenye skrini. Tukala. Likawa linazunguka. Binti akaja kuchungulia.

"Baba, imesema si tasa?"

"Ndiyo."

"Vigawo vyake viko wapi?"

"Vipo. Hatujaviona."

"Sasa inajuaje vipo?"

Nilimrudisha kwa 15 na baki lake la 4. Alifuata kila hatua, akakubali kila hatua, na mwisho hakuridhika. Kwake namba isiyo tasa ni namba uliyoonyeshwa vigawo vyake, kama mwizi ni yule aliyekutwa na kuku. Siwezi kumlaumu, hata mimi nilianza mradi huu nikidhani maswali haya mawili ni swali moja.

Siku ya 21

Hesabu za kukata tamaa. Simu yangu hujaribu vigawo milioni 4 hivi kwa sekunde. Kigawo kidogo cha namba ile kinajulikana kuwa na tarakimu 17. Kwa kujaribu witiri tu, moja baada ya nyingine, ningehitaji zaidi ya miaka 230. Kuna njia ya mkato: vigawo tasa vya namba hii lazima viache baki 1 ukivigawa kwa 512. Hapo kazi inashuka hadi karibu mwaka mmoja, simu ikiwa kwenye chaja usiku na mchana, bila TANESCO kukata umeme hata dakika.

Wataalamu nao walikaa na fumbo hili. Mwaka 1905 Morehead na Western, kila mmoja kivyake, walithibitisha kwa mkono kuwa si tasa. Vigawo vikaonekana mwaka 1970, Morrison na Brillhart walipovipata kwa kompyuta ya IBM. Kwa miaka 65 dunia ilijua vipo na haikuvijua. Nimemwambia binti hivyo, akasema basi hao nao walikuwa wanaamini tu.

Pengo hilo husaidia kulinda kurasa za benki: kwa RSA, njia ya kuficha ujumbe ya mwaka 1977, kutengeneza tasa mbili kubwa na kuzizidisha ni kazi ya sekunde, kuzitenganisha hakuna anayejua njia ya haraka kwenye kompyuta za kawaida. Binti hana akaunti benki, hili halikumgusa.

Siku ya 24

Nimejifunza njia ya John Pollard, Mwingereza, ya mwaka 1975. Ni mbio za sungura na kobe. Anza na 2. Kila hatua: zidisha namba kwa yenyewe, ongeza 1, chukua baki kwa n. Kobe apige hatua moja, sungura mbili. Kila mara toa mmoja kwa mwenzake, kisha tafuta KKS ya tofauti hiyo na n. Kama n ina kigawo p kilichojificha, mabaki kwa p ni machache, kwa hiyo njia lazima ijirudie iwe duara, na sungura atamzunguka kobe amkute. Wakikutana machoni pa p, tofauti yao ni kigawe cha p, na KKS inamvuta p nje hata kama hakuna aliyewahi kumwona. Ni Euclid yule yule wa kalamu na penseli.

Nimejaribu na 341. Njia: 2, 5, 26, 336, 26. Kobe yuko 26, sungura 26, tofauti 0, KKS ni 341 yenyewe. Vigawo vyote viwili vimenaswa kwa mpigo, kwa hiyo sikupata hata kimoja. Nikabadilisha "ongeza 1" kuwa "ongeza 2": 2, 6, 38, 82, 247. Kobe 38, sungura 247, tofauti 209, KKS ya 209 na 341 ni 11. Programu sasa ikikwama inabadilisha kiongezeo yenyewe.

Hatua zinazotarajiwa ni kama kipeuo cha pili cha p. Kwa ile namba kubwa ni milioni 240 na ushei, hata zikizidi mara kadhaa zinavumilika. KKS kila hatua ni ghali, kwa hiyo nazidisha tofauti 1,000 pamoja ndipo naitafuta mara moja. Saa nne usiku nimeweka simu kwenye chaja juu ya kabati, feni ikiielekea.

Siku ya 25

Binti kaamka kabla yangu. Kaniletea simu kitandani. Kwenye skrini:

59,649,589,127,497,217
5,704,689,200,685,129,054,721

Nilimwambia azizidishe kwenye programu. Akasema programu ndiyo iliyotoa jibu, haiwezi kujisahihishia mtihani. Kachukua karatasi. 17 mara 21 ni 357, inaishia na 57, na namba kubwa inaishia na 57. Kisha kajumlisha tarakimu: ya kwanza 95, ukigawa kwa 9 baki 5. Ya pili 91, baki 1. Tano mara moja ni tano. Namba kubwa: 167. Alirudia jumla mara mbili maana alipotea kwenye zile 463 mbili. 167 kwa 9, baki 5.

Akaandika pembeni VIPO, kwa kalamu nyekundu ya dukani, akaniuliza kama hizi mbili nazo ni tasa. Nikawaita mashahidi kumi na wawili, maana zote mbili ziko ndani ya tarakimu 23. Ni tasa.

Inayofuata katika ukoo huo, 2²⁵⁶ na 1, ina tarakimu 78. Ameshaiandika kwenye foleni. Simu nimeitoa kwenye chaja, kuna mitihani ya kudurufu.